Sekunde 10 Hazitoshi: Moyo wa Mgonjwa wa Kiharusi

Katika faili la mgonjwa wa kiharusi kuna mstari mmoja ambao kila nikiufikia husita. Huwa umeandikwa kwa mkato: "ECG: kawaida." Baada ya hapo maelezo yanaendelea na presha, sukari, mazoezi ya viungo na tarehe ya kuruhusiwa, na moyo hautajwi tena. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima hapa Pemba, na mstari huo ndio ulionikalisha kuandika.

Kipimo cha ECG, kile ambacho mgonjwa hulazwa chali akabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, huchora mapigo ya takriban sekunde 10. Siku moja ina sekunde 86,400. Kama moyo wa mgonjwa huyu huchafuka saa nane za usiku kwa nusu saa, kisha ukatulia wenyewe kabla ya adhana ya alfajiri, karatasi itakayochapwa saa nne asubuhi itasema kweli: wakati ule mapigo yalikuwa sawa. Sisi ndio tunaoilazimisha karatasi hiyo iseme mambo ambayo haikuyaona.

Mwaka 2015 jarida la Lancet Neurology lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 50 zenye wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopata kiharusi, au kile kiharusi kidogo cha kupita, na ambao hawakuwa wakijulikana kuwa na mapigo yaliyovurugika. Kwa ECG ya kwanza, ile ya mapokezi, waligunduliwa karibu 8 kati ya kila 100. Walipoendelea kutafutwa, kwanza wodini, kisha kwa mashine za kuvaliwa nyumbani, kisha kwa vifaa vinavyokaa mwilini muda mrefu zaidi, jumla ilifika karibu 24 kati ya 100. Maana yake ni kwamba kwa kila mmoja aliyeonekana siku ya kwanza, wengine wawili walilala wodini wakiwa na tatizo lilelile na karatasi ya ECG isiyo na doa.

Na tatizo lenyewe si dogo. Vyumba viwili vya juu vya moyo hupokea damu na kuisukuma chini kwa mkazo mmoja uliopangika. Kwenye fibrilesheni ya atiria, ambayo wodini tunaiita AF, umeme wa vyumba hivyo unavurugika, na badala ya kukaza vinabaki kutetemeka. Pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko kidogo, na humo damu hutuama kama maji ya ngama kwenye mashua ambayo hakuna anayeyafua. Damu iliyotuama huganda. Siku moja bonge linachomoka, linapita kwenye mshipa mkuu, linapanda shingoni hadi kwenye ubongo, na mtu aliyekuwa akizungumza na watu barazani anainama upande mmoja, na kauli hana tena. Utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba mwenye AF ana hatari ya kiharusi karibu mara 5 ya asiyekuwa nayo. Viharusi vinavyotoka moyoni pia huwa vizito kuliko vingi vingine, kwa sababu bonge la moyoni ni kubwa na huziba mshipa mkubwa.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: mbona mgonjwa mwenyewe hakusema kwamba moyo wake una matatizo? Wengine husema. Wanasema moyo unapapatika, moyo unakwenda mbio, pumzi zinabana wakipanda ngazi. Lakini wako wengi ambao hawasikii chochote kabisa, na wako waliosikia wakalichukulia ni jambo la husuda au la upepo, wakaenda kusomewa, wakanywa kombe, wakapata utulivu wa nafsi, na mapigo nayo yakarudi sawa yenyewe, kama yanavyofanya mara nyingi katika hatua za mwanzo za maradhi haya. Mimi sibishani na kombe la mtu. Ninachotaka ni ile habari: lini moyo ulianza kupapatika, ulidumu muda gani, ulirudi tena au la.

Habari hiyo siwezi kuipata kwa mgonjwa aliyepotewa na kauli. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, hasa kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi huchukua mkono, mguu na maneno kwa pamoja. Kwa hiyo naiuliza familia. Nimegundua kwamba ukimuuliza mtoto wa kiume, "Baba alikuwa na maradhi ya moyo?" atakujibu hapana, na anasema anachokijua. Ukimuuliza mke, "Mama, usiku babu alikuwa akiamka akashika kifua? Alikuwa akilalia mito miwili? Miguu ilikuwa ikivimba jioni?" hapo ndipo mambo hutoka. Wake wa hapa wanajua pumzi za waume zao kuliko faili lolote. Na kama mgonjwa ni mama, muulize binti aliyekuwa akilala naye chumba kimoja.

Halafu kuna mkono wenyewe wa mgonjwa, ambao uko pale kitandani saa zote na haugharimu kitu. Hapa naomba nikae kidogo.

Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chako, kina mapigo yake. Mgonjwa awe ametulia kama dakika tano. Kisha hesabu dakika nzima. Tumezoea kuhesabu sekunde 15 tukazidisha kwa nne, na jibu linaandikwa kwenye chati: 84. Nambari hiyo haikuambii chochote kuhusu mpangilio. Moyo wenye AF unaweza kutoa 84 nzuri kabisa, isipokuwa kwamba mapigo hayo 84 yamekuja mawili ya haraka, moja la mbali, matatu yaliyofuatana, kimya, moja dhaifu, moja la nguvu, bila ya mtindo wowote unaoweza kuutabiri. Mapigo ya ziada ya kawaida nayo hukatisha mwendo, lakini mara nyingi baada ya kukatisha mwendo unarudi pale pale ulipokuwa. AF haina pa kurudi. Ukiweka vidole mara chache kwa wagonjwa wanaojulikana kuwa nayo, vidole vitaikumbuka.

Jambo jingine: sikiliza moyo kwa stethoskopu huku mwenzio ameshika mshipa wa mkono. Kwenye AF mara nyingi moyo hupiga zaidi ya yanayofika mkononi, kwa sababu baadhi ya mapigo huja kabla chumba cha chini hakijajaa, yakakosa nguvu ya kufika. Tofauti hiyo ni dalili. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni nacho kitakupa fununu: nambari ya mapigo ikiruka 88, 124, 97, 110 na mgonjwa amelala tuli, usiilaumu betri kabla hujashika mkono. Mashine za presha za umeme nazo hutatizika na mapigo yasiyo na mpangilio. Presha ikija tofauti sana kila ukipima, pima mara tatu, kisha shika mshipa.

Vidole havithibitishi AF. Vinakupa shaka, na ECG ndiyo inayothibitisha. Lakini shaka hiyo ina saa yake. Ukiona mapigo yamevurugika saa tatu usiku, ECG ipigwe saa tatu usiku. Ukisema tungoje asubuhi daktari aje, asubuhi moyo umeshatulia na umerudi kwenye mstari ule ule wa "kawaida".

Nakumbuka bibi mmoja kutoka Kojani. Alikuwa na presha ya miaka mingi, ameletwa mkono na mguu wa kulia havina nguvu, ECG ya mapokezi haina tatizo. Mwenzangu wa zamu ya usiku, kijana makini sana, alishika mkono wa yule bibi dakika nzima, akanyanyuka kwenda kuichukua mashine bila ya kusema neno. Karatasi ilipotoka ilikuwa wazi: mawimbi madogo ya vyumba vya juu hayapo, na nafasi baina ya pigo na pigo hazilingani hata mbili. Siku ya pili binti yake alinisimamisha mlangoni.

"Sista, lakini juzi walitwambia moyo wake mzima."

"Saa ile walipoupima ulikuwa sawa, dada'angu. Usiku umebadilika, na tumeuona."

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo ndilo lenye maana kuliko yote: "Kwa hivyo dawa zitabadilika?" Zilibadilika. Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta.

Hapa naona watu wengi, na baadhi yao ni watu wa kazi hii, wanachanganya maswali mawili. Swali la kwanza: huyu aliyekwishapata kiharusi, je, ana AF iliyojificha? Swali la pili: huyu mwenye AF, hatari yake ya kupata kiharusi ni kiasi gani? Kwa swali la pili kuna hesabu mashuhuri, CHA2DS2-VASc, iliyochapishwa mwaka 2010. Moyo kushindwa kazi, alama 1, presha, 1, miaka 75 na zaidi, 2, sukari, 1, kiharusi cha zamani, 2, maradhi ya mishipa ya damu, 1, miaka 65 hadi 74, 1, na kuwa mwanamke, 1. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeiondoa alama ya jinsia. Ni hesabu nzuri kwa mtu mwenye AF anayetembea kwa miguu yake kliniki. Kwa mgonjwa wangu aliyelala hapa na kiharusi haina kazi kubwa, kwa sababu kiharusi chake peke yake kimeshampa alama 2, na ukiongeza presha na umri amepita mbali mpaka wa kuanzishiwa dawa. Akithibitika kuwa na AF, na picha ya ubongo ikaonyesha kwamba mshipa uliziba, jibu la swali la pili tunalo tayari. Kazi iliyobaki ni ya swali la kwanza, na swali hilo halijibiwi kwa kalamu na kikokotoo. Linajibiwa kwa kutafuta.

Hata hivyo ziko hesabu zinazosaidia kujua nani atafutwe zaidi, maana hatuwezi kumvisha kila mtu mashine. Iliyo rahisi kuliko zote ni C2HEST: maradhi ya mishipa ya moyo alama 1, maradhi sugu ya mapafu yanayoziba njia za hewa 1, presha 1, miaka 75 na zaidi 2, moyo kushindwa kusukuma damu 2, na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi 1. Naipenda kwa sababu inaniambia niangalie shingo. Mama mwenye rovu, mwembamba, mikono inatetemeka, jasho haliishi, akipata kiharusi, tezi yake ipimwe, kwa kuwa tezi ikitibiwa na mapigo nayo yanaweza kurudi mahali pake. Ipo nyingine inaitwa HAVOC, ambayo moyo kushindwa kazi peke yake huupa alama 4 kati ya 14. Na ipo STAF ya mwaka 2009, inayotaka uwe na picha ya moyo: chumba cha juu cha kushoto kikiwa kimetanuka, mgonjwa ana zaidi ya miaka 62, kiharusi ni kizito, na hakuna sababu nyingine ya mishipa iliyopatikana, basi shaka ni kubwa.

Nazitumia kwa tahadhari. C2HEST ilitengenezwa kwa takwimu za Uchina ikajaribiwa Korea Kusini. HAVOC ilitoka Marekani. Wagonjwa wao si wagonjwa wangu. Zote zinautegemea sana uzee, na hapa kwetu kuna mgonjwa ambaye hesabu za namna hiyo zitampita bila kumwona: mama wa miaka 30 na kitu mwenye vali ya mitrali, yaani mlango wa damu baina ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto cha moyo, iliyobana kutokana na maradhi ya moyo ya rumatiki. Yalimwanza utotoni kwa maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa, yakakaa kimya miaka mingi, na mara nyingi hujitokeza wakati wa ujauzito, pumzi zinapoanza kubana. Hana presha, hana sukari, hajafika hata miaka 40. Alama zake za C2HEST zinaweza kuwa sifuri. Na damu inatuama kwenye moyo wake kuliko kwa mzee yeyote wodini. Kijana akipata kiharusi, asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla moyo wake haujasikilizwa vizuri na kupigwa picha ya eko, ile ultrasaundi ya moyo. Kama eko lazima ifuatwe Unguja, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, basi ifuatwe. Najua maana ya kumpandisha boti mtu aliyepooza. Nimewasaidia watu kupanga safari hizo, nimeona gharama ya nauli, ya anayemsindikiza, ya pa kulala kwa jamaa. Bado nasema ifuatwe.

Wapo wanaosema AF ni maradhi ya Wazungu. Wana msingi fulani: uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ulikuta wenye AF ni chini ya asilimia 1, kiwango cha chini sana kikilinganishwa na Ulaya. Lakini wale walikuwa wazee wanaoishi vijijini mwao, si watu waliokwishaanguka na kiharusi. Mtu mwenye AF isiyotibiwa huenda asifike umri huo akahesabiwa. Na presha, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha viharusi vyetu, ndiyo hiyohiyo inayotanua chumba cha juu cha moyo mwaka hadi mwaka na kuitayarishia AF makaazi. Sioni raha ya kusema haipo kwetu kabla hatujashika mikono ya watu.

Kuna wanaokwenda upande wa pili kabisa. Wanasema: kama tunashuku na hatuna mashine, kwa nini tusimpe kila mwenye kiharusi cha kuziba mshipa dawa ya kuzuia damu kuganda, tukamaliza? Wazo hili lilijaribiwa kwa dhati. Utafiti wa NAVIGATE ESUS, uliochapishwa mwaka 2018, uliwachukua wagonjwa 7,213 katika nchi 31, wote wakiwa na kiharusi cha kuziba kisichojulikana chanzo. Nusu walipewa rivaroksabani, ambayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, nusu aspirini. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake: viharusi havikupungua, na waliotoka damu nyingi waliongezeka, asilimia 1.8 kwa mwaka dhidi ya 0.7. Dawa ile ile inayomwokoa mwenye AF ilimdhuru asiyekuwa nayo bila ya kumpa faida. Kwa hiyo kukisia hakutoshi, ni lazima uione. Na kabla ya yote picha ya CT ipigwe, kwa sababu si vichache kati ya viharusi vya Afrika ambavyo ni vya mshipa kupasuka, na kumpa mgonjwa wa aina hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda siku ya kwanza ni kumwongezea damu kichwani.

Unaipataje sasa, bila mashine nyingi? Utafiti wa EMBRACE wa mwaka 2014 ulilinganisha kipimo cha saa 24 na mkanda wa kuvaliwa siku 30, kwa wagonjwa wa miaka 55 na zaidi ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana. Saa 24 ziliwapata 3 kati ya 100. Siku 30 ziliwapata 16. Mwaka huohuo CRYSTAL AF, kwa kifaa kinachopachikwa chini ya ngozi ya kifua, iliwapata karibu 9 kati ya 100 kwa miezi sita, na waliofuatwa hadi miaka mitatu walifika 30. Sote tunajua kwamba kifaa cha kupachika chini ya ngozi hakiji Micheweni mwaka huu. Somo ninalolichukua mimi ni muda. Kila ukiongeza muda wa kuangalia, unaona zaidi. Na muda tunao, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi tunaye wodini siku kadhaa, kisha anarudi kliniki ya presha kila mwezi, kisha yuko na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hizo zote ni nafasi za kushika mkono na kupiga ECG nyingine. Nyumbani, mtoto mkubwa anaweza kufundishwa kuhesabu mapigo asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la skuli: "sawa" au "yamevurugika". Ninawafundisha kabla hawajaruhusiwa, na wanajifunza haraka. Likiandikwa "yamevurugika", waje siku hiyohiyo, wasingoje siku ya kliniki.

Ikishapatikana, aspirini haitoshi. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu bado nakutana na watu wenye AF iliyothibitishwa wanaomeza aspirini ndogo tu kwa imani kwamba damu imelainika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, hupunguza viharusi vya AF kwa karibu theluthi mbili. Aspirini na dawa za jamii yake kwa karibu moja ya tano. Dawa mpya, apiksabani, rivaroksabani na wenzake, hazihitaji kupima INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, kila mara, na tangu 2019 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila kwa yule mama kijana mwenye vali iliyobana, warfarini bado ndiyo dawa yake: utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022, uliofanywa kwa wagonjwa wa rumatiki zaidi ya 4,500, ulionyesha kwamba waliopewa dawa za jamii ya warfarini walinusurika na kifo zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani.

Warfarini inataka maisha yenye utaratibu. INR ikae baina ya 2 na 3, na ipimwe mara kwa mara, hasa mwanzoni. Si lazima mtu aache mchicha, matembele wala kisamvu. Anachotakiwa ni kula kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, si leo sahani nzima na wiki mbili bila. Yanayonitia wasiwasi zaidi yako nje ya sahani. Diklofenaki, inayouzwa madukani kama pipi kwa kila maumivu ya goti, ikichanganywa na dawa hizi inaweza kulitoboa tumbo likavuja damu. Flajili na septrini hupandisha INR, na vidonge hivyo watu hupeana majirani kwa majirani. Hijama, ambayo ngozi huchanjwa damu itoke, asifanyiwe mtu anayetumia dawa hizi bila ya daktari wake kujua. Kitunguu thaumu na tangawizi za chakulani hazina neno. Vikombe vya kila siku vinavyonywewa kama dawa ni habari nyingine, navyo vitajwe kliniki. Mgonjwa hatatutajia tukimkaripia. Namwuliza kwa upole, "Bibi, na dawa gani nyingine unatumia, za dukani au za kienyeji?" kisha nangoja.

Ramadhani nayo ina mpango wake. Hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo daku na futari viko mbali kwa saa 13 au 14 hivi. Rivaroksabani, inayomezwa mara moja na chakula, inakaa vizuri kwenye futari. Apiksabani ya mara mbili inaweza kugawanywa daku na futari. Yote yapangwe na daktari tangu Shaabani, kwa sababu ninaowaogopea ni wale wanaoacha dawa kimyakimya mwezi mzima ili wafunge. Kinga ya dawa hizi mpya huisha ndani ya siku moja au mbili tu.

Kama uongozi wa hospitali yoyote ya kisiwa hiki ungeniuliza pa kuanzia, ningeomba mambo mawili. La kwanza, safu moja iongezwe kwenye chati ya wagonjwa wa kiharusi, karibu na ile ya idadi ya mapigo, ambayo kila zamu itajaza neno moja kuhusu mpangilio wake, na anayekuta umevurugika awe na ruhusa ya kupiga ECG papo hapo bila kungoja amri. La pili, mashine chache za Holta, zile za kuvaliwa zinazorekodi mapigo mchana na usiku, za kuzunguka baina ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni kwa gari linalopeleka sampuli, zikaanze kwa wale ambao eko imeonyesha chumba cha juu kimetanuka na wale ambao picha ya ubongo imeonyesha mabonge yametua sehemu zaidi ya moja. La kwanza linaweza kuanza kesho, kwa rula na kalamu, na wodi yetu tumeshaanza kulichora kwa mkono.